Kabla ya Mionzi, Ipange Nyumba

Ukishamaliza dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, na kidonda cha upasuaji kikakauka, kinafuata kipindi cha kusubiri. Umeshaandikiwa mionzi, tarehe bado, nywele zimeanza kuchipua, majirani wanakuambia umenawiri. Wengi hukichukulia kipindi hiki kuwa cha mapumziko. Mama mwenye watoto wadogo asikiache kipite hivihivi. Nimeshapita huko: saratani ya titi la kushoto, mtoto mmoja wa chekechea na mwingine ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Ninachowaambia akina mama wenzangu ni kwamba mionzi hufanikiwa au huharibika kutokana na ulivyoipanga nyumba kabla hujaianza.

Sababu ni hii. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Kwa saratani ya matiti wengine huandikiwa vipindi 15 vya wiki 3, wengine 25 vya wiki 5, kutegemea na ugonjwa wenyewe na hospitali. Kila kipindi kinaziumiza seli za saratani, na seli nzima za mwili zinapata muda wa kujirekebisha kabla ya kipindi kinachofuata. Ukiruka siku, kisha ukaruka na nyingine, seli za saratani nazo zinapata nafasi ya kuzaliana upya. Ndiyo maana daktari atakusisitizia uhudhurie kila siku uliyopangiwa.

Sasa jiulize, mama wa watoto wadogo hukosa siku kwa sababu gani? Si kwa kuogopa mashine. Ni mtoto kachemka usiku kucha, dada wa kazi kaondoka bila kuaga, nauli imekwisha, kumetokea msiba kijijini. Mashine wataipanga wataalamu. Hayo mengine hakuna atakayekupangia.

Nianze na mtoto mdogo, kwa sababu ndiye aliyenipa kazi kubwa. Ziwa alikuwa ameshaachishwa tangu nilipoanza kemo, maana huruhusiwi kunyonyesha ukiwa kwenye dawa zile. Lakini kuacha ziwa hakukumfanya aache kifua. Usiku alilala juu yangu, mkono ndani ya blauzi, na mchana nilimbeba mgongoni. Mbeleko inapita juu ya kifua na chini ya kwapa, mahali palepale patakapopigwa mionzi. Ngozi ikishaanza kubadilika, kanga iliyokazwa na mtoto mzito ndani yake itaichubua ndani ya siku moja. Kwa hiyo nilianza kumbeba kiunoni, upande wa kulia, kisha nikamzoesha kukaa nami mkekani. Nilimwomba mama mkwe aje Morogoro mapema, wakati mimi bado nipo nyumbani, ili mtoto azoee kulala naye kabla sijaondoka. Usiku wa mwanzo alilia sana. Nilikuwa chumba cha pili nikimsikia, na mama mkwe akanizuia nisitoke, akaimba mpaka mtoto akalala. Mama kuondoka na kifua kuondoka visimkute mtoto siku moja. Mpe kimoja kwanza, akizoee, ndipo kije kingine.

Yule mkubwa usimdanganye kwamba unakwenda sokoni. Mimi nilimwambia mama anakwenda Dar kutibiwa kifua, atarudi, na kila jioni baada ya kula atampigia simu. Akauliza kama nitachomwa sindano. Nikamwambia hapana, nitalala tu kitandani na mashine itazunguka. Akaridhika na kurudi kwenye mpira wake.

Mkono ni jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema vya kutosha. Kwenye kitanda cha mionzi utalala chali, mkono wa upande unaotibiwa, mara nyingi yote miwili, ikiwa imeinuliwa juu ya kichwa, na unakaa hivyo bila kujitikisa. Baada ya kuondolewa titi na mitoki ya kwapani, zile tezi ndogo zinazopitisha majimaji ya mwili, bega hukaza. Kama mkono haupandi, upangaji wa mionzi unaweza kuahirishwa mpaka upande, na hapo umeshapoteza wiki. Mtaalamu wa fiziotherapia alinionyesha zoezi la ukutani: unasimama ukitazama ukuta, unatambaza vidole kwenda juu taratibu mpaka bega likatae, unashikilia hapo, unashuka. Mwanangu wa chekechea alichukua chaki akawa anaweka alama pale kidole cha kati kilipofika, na pembeni anajipima urefu wake mwenyewe. Baba yao alitaka kuzifuta kwa kitambaa, mtoto akagoma. Zoezi likawa mchezo wa jioni na sikulisahau hata siku nilizokuwa nimechoka. Kama una maumivu, kunywa dawa uliyoandikiwa nusu saa kabla ya kuanza.

Na hapa niseme kwa msisitizo: usikubali kukandwa mkono huo kwa maji ya moto. Shangazi zetu wanatupenda na ndivyo walivyofundishwa, mzazi hukandwa, mgonjwa hukandwa. Lakini ukishatolewa mitoki, majimaji ya mkono hayana njia nzuri ya kurudi mwilini. Joto kali na kukandamizwa kwa nguvu kunaweza kuuvimbisha, na uvimbe wa namna hiyo ukiingia ni vigumu kuuondoa. Waambie kwa adabu kwamba daktari amekataza. Neno la daktari linaheshimiwa kuliko neno letu sisi mabinti.

Siku ya kupangiwa mionzi utaenda kwanza kwenye siti skani, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Hutibiwi siku hiyo. Wanakulaza vilevile utakavyolazwa wakati wa matibabu, wanapiga picha, kisha wanakuchora alama kifuani kwa wino, na baadhi ya hospitali huweka vitone vidogo vya kudumu vya kuchanjwa kwa sindano. Baada ya hapo daktari anachora eneo la kupigwa, wataalamu wa fizikia tiba wanakokotoa miale ipite wapi ili moyo na pafu vipate kidogo iwezekanavyo, kisha wenzao wanahakiki. Kwa sisi wa upande wa kushoto moyo uko karibu, kwa hiyo sikulalamika kusubiri. Siku hizo kati ya siti skani na kuanza wala hazipotei bure, kazi inafanyika kwenye kompyuta wewe ukiwa nyumbani.

Alama hizo zitunze. Joto la Dar linatoa jasho, na wino unahamia kwenye nguo. Vaa kitu cheusi au cha zamani ambacho hutakililia, chenye vifungo mbele. Dera ni zuri kwa kutembea lakini ni usumbufu kulivulia kichwani mkono ukiwa umekaza. Mimi nilitumia shati kubwa la mume wangu na doti ya kanga, moja ya kujifunika kifua nikisubiri, nyingine begani. Alama ikianza kufifia usiikoleze mwenyewe kwa kalamu. Waambie wataalamu wa mionzi, wao ndio watakaoichora upya.

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote, na hata mimi lilinikosesha usingizi: nikitoka kwenye mionzi nitamdhuru mtoto nikimkumbatia? Hapana. Mionzi inayotoka kwenye mashine nje ya mwili inakupiga kwa dakika chache, mashine ikizimwa imekwisha. Mionzi haibaki mwilini mwako, wala huitoi kwa jasho au kwa pumzi. Unaweza kumpakata mtoto, kulala naye, kula naye sahani moja. Kinachokatazwa ni mtoto kuingia chumba cha mashine wakati inafanya kazi, na hata wataalamu wenyewe hutoka nje na kukutazama kwenye skrini. Wapo wanaotibiwa kwa dawa ya mionzi ya kumeza, kama baadhi ya wagonjwa wa tezi ya shingo, na hao wana masharti mengine kabisa ya kukaa mbali na watoto. Nadhani hofu ilianzia kwao ikatusambaa sote. Mueleze mama mkwe, mueleze na mume, kwa sababu mtu akiogopa kukugusa bila kusema, utaliona machoni pake na litakuumiza.

La mume lina upande mwingine. Usishike mimba. Kabla ya siti skani watakuuliza hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, jibu kweli. Kwa wenye saratani ya matiti, vidonge, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango vyenye homoni kwa kawaida havishauriwi, kwa hiyo uliza kuhusu kondomu au kitanzi cha shaba. Lizungumzeni mapema wote wawili. Mimi nilimpeleka mume wangu kliniki akasikie mwenyewe kutoka kwa nesi, na tangu hapo hatukubishana tena.

Kuhusu ngozi: kama unapaka mkorogo, acha leo. Krimu hizo huidhoofisha ngozi, na wewe unahitaji ngozi imara. Mionzi ikianza, oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Poda, manukato na kujifukiza viache. Usipake chochote eneo lile bila kuwauliza wataalamu, hata mafuta ya nazi ya bibi. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, utaona inazidi kuwa nyeusi, inawasha, ina joto, na kwenye mikunjo ya kwapa inaweza kubambuka. Sema mapema ikianza kuwasha tu. Na jiko la mkaa, jamani. Sisi huliinamia tukilipepea, na joto lote linapiga kifuani. Mpe mwingine upishi.

Sasa pa kukaa. Watu wengi wa mikoani tunapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale Dar karibu na Feri. Wa Kanda ya Ziwa waulize kuhusu Bugando, Mwanza, kwa kuwa nako mionzi inatolewa, na kulala karibu na watoto wako ni nusu ya utulivu. Kutoka Morogoro treni ya SGR imerahisisha kwenda na kurudi wikendi, lakini usijidanganye kwamba utasafiri kila siku. Mimi nilikaa kwa wifi yangu Kimara. Mabasi ya mwendokasi asubuhi hujaa, na kusimama umening'inia kwenye bomba kwa mkono uliofanyiwa upasuaji huku watu wanakusukuma kifuani haifai. Uzuri wa Kimara ni kwamba magari huanzia pale, ukivumilia foleni unapanda lililo tupu na kukaa mpaka Kivukoni. Kama huna ndugu mjini, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iliyokuandikia rufaa, kabla hujasafiri, uwaulize kuhusu malazi na msamaha wa gharama. Mwenye bima ahakikishe haiishi muda katikati ya matibabu.

Pesa nilizigawa kabla sijaondoka. Nauli ya wiki zote niliiweka kwenye simu ya wifi, si kwangu, maana ikiwa kwangu mtoto akihitaji kitu nitaituma. Kwenye kikoba nilikwenda mwenyewe kikaoni nikaomba nisimamishiwe marejesho mpaka nirudi. Walikubali, na wakanichangia. Nisingesema, wangeanza kunipigia simu za deni nikiwa kwenye foleni ya mionzi.

Misiba je? Hili ni gumu kwa watu wetu. Nilimwomba kaka yangu mkubwa awaambie ndugu kwamba kwa wiki hizo sitasafiri kwa msiba wowote, nitatuma rambirambi. Kweli kulitokea msiba wa baba mdogo. Nililia Kimara, kesho yake nikaenda mionzi. Hakuna aliyeninunia, kwa kuwa walishaambiwa na mtu wanayemheshimu. Sikukuu nazo ziangalie kwenye kalenda na uwaulize wataalamu watafidiaje siku hizo. Ukipata homa, nenda hospitali vilevile ukapimwe malaria hukohuko, usibaki nyumbani ukisubiri ipoe.

Kula kawaida ya nyumbani, ila usikose dagaa, maharage, mayai, maziwa. Dawa za mitishamba na vidonge vya virutubisho mtajie daktari kwa majina kabla hujavitumia.

Uchovu haukuja mwanzoni. Wiki ya kwanza nilijiona mzima nikataka kumfulia wifi nguo, akaninyang'anya beseni. Ulikuja baadaye, na ukazidi hata baada ya kumaliza, kama walivyonitahadharisha kwamba wiki mbili za kwanza baada ya kipindi cha mwisho zinaweza kuwa nzito kuliko zote. Kwa hiyo usipange kurudi kazini siku unayoshuka stesheni. Genge langu nilimwachia mdogo wangu, na makubaliano yetu yalikuwa kwamba ataendelea kwenda soko la Mawenzi kununua nyanya na kubeba matenga mpaka mimi mwenyewe niseme naweza. Mama mkwe naye alikubali kubaki mwezi mzima zaidi.