Kabla ya kupima shaperoni, uliza hamira imelalaje

Mdogo wangu uliyeingia maabara juzi na kukabidhiwa hamira, usikimbilie vitendanishi. Uliza kwanza: hizi seli zimelalaje?

Mimi sikuuliza, nikapoteza karibu mwezi mzima. Nilitaka kuona shaperoni (protini inayozisaidia protini nyingine kupata umbo lake) iitwayo Hsp104 inavyookoa seli kwenye joto. Jaribio lenyewe ni la zamani: mwaka 1990 Yolanda Sanchez na Susan Lindquist walionyesha kwamba seli zilizoonjeshwa nyuzi 37 hustahimili nyuzi 50, na kwamba ukifuta jeni ya HSP104 sehemu kubwa ya ustahimilivu huo hupotea. Zangu zilistahimili zote, zilizoonjeshwa na zisizoonjeshwa. Nilibadilisha bafu la maji, nikabadilisha sahani, wapi. Shida ilikuwa chupa. Niliotesha usiku kucha, asubuhi nikaitumia vilevile, nzito kama uji. Hamira ikimaliza sukari huanza kutengeneza Hsp104 bila kusubiri joto. Kumbe njaa ilishafanya kazi niliyodhani ya joto.

Kwa hiyo asubuhi zimua mpaka OD (kipimo cha wingi wa seli kwa mwanga) ya 0.1, kisha subiri hadi 0.4 au 0.5. Ni saa tatu hivi kwenye YPD, chakula cha kawaida cha hamira, ya nyuzi 30. Ukiotesha kwa nyuzi 25, subiri zaidi. Chakula cha kuzimulia kiwe na joto lilelile la chupa. Na usiamini namba iliyoandikwa kwenye inkubeta: tumbukiza kipimajoto ndani ya tyubu ya maji iliyo pembeni ya zako, kwa sababu hewa hupasha maji polepole mno.

Shaperoni mfikirie kama kungwi. Yuko na mwari mpaka anapokuwa tayari, kisha anaondoka. Hahamii naye kwa mume. Protini ikitoka kwenye ribosomu ni uzi tu, na sehemu zake zinazochukia maji ziko wazi, tayari kunasana na za jirani. Hsp70, ambayo kwenye saitoplazimu ya hamira ni familia ya Ssa, huzishika, hutumia ATP (nishati ya seli), huachia, hushika tena. Hsp104 ina kazi ngumu zaidi: ni pete ya vipande sita, na ikisaidiwa na Ssa na Ydj1 huvuta protini kutoka kwenye bonge na kuipitisha katika tundu la katikati. Zinazoshindikana hubandikwa ubikwitini, alama ya kuharibiwa, kimeng'enya San1 kikishughulika kwenye kiini na Ubr1 hasa kwenye saitoplazimu, zikapelekwa kwenye proteasomu, kisagio cha protini cha seli. Ukitaka kuizuia proteasomu kwa dawa ya MG132, futa kwanza jeni ya PDR5, maana pampu inayotokana nayo huitoa dawa nje na utabaki ukishangaa.

Ukipewa Hsp104 yenye GFP (protini inayong'aa kijani), kaa nayo kwenye hadubini kabla ya kupasha chochote. Seli iliyotulia huwa na mng'ao uliosambaa. Dakika kumi za nyuzi 42, vinatokea vidoa, yaani Hsp104 iliyokusanyika kwenye mabonge ya protini. Ukizirudisha nyuzi 30 hupungua taratibu, na seli ikichipuza, mabonge mengi hubaki kwa mama. Ni jambo zuri sana kuliona kwa macho. Lakini slaidi iliyokaa nusu saa imeshaanza kuteseka, kwa hiyo andaa mpya.

Tena usidhani shaperoni ikiwa nyingi ndiyo heri. Prioni ni protini yenye umbo potovu inayowaambukiza wenzake umbo hilo. Ile ya [PSI+], ambayo ni protini ya Sup35 iliyogandamana, huhitaji Hsp104 ili iendelee kurithiwa, maana hiyo ndiyo huikata vipande vya kugawia watoto. Ukiiondoa Hsp104, prioni hupotea. Ukiizidisha mno, hupotea pia. Hilo lilichapishwa mwaka 1995 na bado hulisoma kwa mshangao. Lijaribu mwenyewe: chukua aina yenye ade1-14 (jeni yenye hitilafu inayofanya makoloni yawe mekundu prioni isipokuwapo) na [PSI+], chora kwenye sahani yenye guanidini hidrokloridi milimola 3 hadi 5, ambayo huizuia Hsp104, kisha hamishia kwenye YPD ya kawaida. Makoloni yaliyokuwa meupe au ya waridi yatatoka mekundu.