Kabla hujaomba mwezi wa kuandika ugenini

Mara ya kwanza nilipoomba ukaazi wa watafiti na waandishi, yaani nafasi ya kukaa mahali kwa muda ufanye kazi yako, katika wakfu mmoja wa utamaduni kusini mwa Ufaransa, nilikataliwa. Niliandika kwamba nataka kutafiti "utamaduni wa Waswahili". Mwaka uliofuata nikaomba tena, nikataja jambo moja tu: maneno na nyimbo za wachumaji karafuu wa Pemba, tangu mtu anapokwea mkarafuu mpaka makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanapochambuliwa na karafuu kuanikwa jamvini. Nikakubaliwa. Ndugu zangu mnaoniuliza mfanyeje ili mkubaliwe, basi anzeni hapo: punguzeni. Msomaji wa maombi haijui Konde wala Makunduchi. Anataka kujua asubuhi ya kwanza utakaa mezani ufanye nini.

Nyumba za ukaazi kama huu nyingi ni mali ya mtu aliyeitoa ili wenye kazi ya fikra wapate pa kutulia. Camargo, pale Cassis kusini mwa Ufaransa, ilianzishwa mwaka 1967 na msanii wa Kimarekani, Jerome Hill. Jumba la Bellagio, kando ya ziwa Como nchini Italia, lilikabidhiwa Wakfu wa Rockefeller mwaka 1959. Kwetu hili si geni; wakfu tunaujua kwa misikiti, vyuo na nyumba za Mji Mkongwe. Mali huzuiwa, manufaa yakatolewa. Na manufaa ya huko ni muda: chumba, meza, chakula, maktaba, na hakuna wa kukugongea mlango. Cha kuandika unakwenda nacho mwenyewe.

Mimi hilo sikulielewa mapema. Nilibeba saa nyingi za sauti kwenye simu, nikijiambia nitazisikiliza huko kwa utulivu. Wiki ya pili nikafika kwenye wimbo wa bibi mmoja aliyekuwa akichambua karafuu barazani. Katikati ya ubeti mtu kamwaga karafuu jamvini, na neno moja likazama kwenye mchakacho ule. Nikasikiliza tena na tena, masikio yakaniambia "Upemba". Nikafurahi mno. Nikaandika kurasa nne juu ya mchumaji anayejitambua kuwa Mpemba akiwa juu ya mti.

Moyo haukutulia. Nikampigia mama mkubwa. Akasema, "Mwanangu, kwani ulipokuwa hapa hukumuuliza?" Baada ya magharibi akaenda na simu mpaka kwa yule bibi, na bibi akauimba ubeti taratibu. Neno lilikuwa "upembo", kile kijiti chenye ncha iliyopinda cha kuvutia tawi. Kurasa nne nikazifuta usiku uleule. Bibi hakuwa akijisifu kabila. Alikuwa akilisihi tawi lisimvunjikie mchumaji mkononi. Wimbo ni mzuri zaidi hivyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, kaa na wenye maneno. Wasikilizishe sauti zao wenyewe, neno baada ya neno. Nenda Kilimani, Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, ukanukuu unachokihitaji, maana nyaraka zile hutazikuta kwenye maktaba ya Ufaransa. Chukua kamusi za lahaja zilizotolewa na BAKIZA, Baraza la Kiswahili Zanzibar. Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi zote zipo. Hiyo ndiyo kazi ya miezi. Mwezi wa ugenini ni wa kuandika.

Semina nayo ina somo lake. Kila mkaazi alipewa nafasi ya kuwaeleza wenzake kazi yake, na wenzako si watu wa fani yako. Mwanahistoria mmoja anayetafiti habari za chumvi akaniuliza: pishi moja ni kiasi gani? Nikamjibu vibaba vinne. Akauliza: kibaba ni kiasi gani? Nikakwama. Pishi ni kipimo cha ujazo. Pishi ya mchele na pishi ya karafuu hazilingani uzito, na karafuu mbichi si sawa na kavu. Neno nililokua nalo tangu utotoni nikajikuta silijui hasa, na kutoka kwenye swali lile ikazaliwa sura nzima. Usiogope maswali ya wageni. Yaandike yote.

Mambo ya karatasi: visa ya Schengen, ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, huombwa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Mimi barua yangu ya mwaliko haikutaja nani analipa bima, nikapanda boti Mkoani, bandari ya Pemba, kwenda na kurudi kwa sababu ya sentensi moja iliyokosekana. Uliza mapema kwa maandishi: nauli, bima, chakula, ada ya visa. Waambie wapishi unachokula na usichokula, hawachukii kuambiwa. Na kama kazi yako ni ya Kiswahili, peleka kurasa za Kiswahili pamoja na tafsiri yake. Usikubali kuandika kwa lugha nyingine ati ndiyo itakayosomwa.

Msimu ujao wa karafuu narudi Pemba na daftari jipya. Yule bibi kaahidi kunionyesha upembo wake. Anasema mpini umelainika kwa mikono ya mama yake.