Lifukie korongo kwanza

Wadogo zangu wa mawimbi, juzi nimeonyeshwa tena ule mchoro wa modeli ya kompyuta ya tetemeko la ardhi: korongo la umbo la V, nyekundu ya mtikisiko mkubwa kila mahali, na maelezo kwamba "kuta zinarushiana mawimbi". Nilicheka, kisha nikaona aibu. Mchoro huo niliwahi kuuchora mimi.

1. Lifukie korongo, uendeshe modeli ikiwa tambarare. Kwa SH, mawimbi ya mkato yanayotikisa ardhi kwa ulalo, kila kituo cha juu ya uso kisome 2, yaani mara mbili ya wimbi linaloingia, si "karibu 2 isipokuwa pembeni". Mimi sikufanya hivyo. Mwamba wangu ulipitisha wimbi kwa 1000 m/s, modeli ina kina cha mita 400, na mtikisiko nikauingiza kwenye kitako kigumu. Vilele vya mtikisiko vikatoka vizuri mno, kimoja kila baada ya 1.25 Hz. Nikaandika kurasa kumi na moja za jinsi V inavyonasa mawimbi. Nikaigeuza V kuwa U, vilele havikusogea. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nikaandika kwamba matokeo "ni imara"! Msimamizi alisoma kimya, akachukua kalamu, akagawanya 1000 kwa 800, yaani kasi kwa kina mara mbili, akanirudishia karatasi bila neno. Wimbi lilikuwa likidunda kati ya kitako na uso, korongo la watu halina habari. Siku hiyo chakula cha mchana hakikupita.

2. Kwenye fomula, a ni nusu ya upana wa korongo, jamani. Eta, yaani upana wa korongo ukilinganishwa na wimbi, ni 2a kugawanya kwa urefu wa wimbi. Ukikosea hapo utamsingizia Trifunac, mtafiti wa matetemeko, ambaye suluhisho lake la korongo la nusu duara la 1973 ndilo la kujipimia kabla hujagusa V.

3. Elementi, vile vipande vidogo vya modeli, ziwe kumi kwa kila urefu wa wimbi, lile fupi kuliko yote.

4. Msiseme tu korongo "hukuza". Eta ikiwa ndogo sana, wimbi halilioni. Ikikua, na wimbi likija mshazari, hupigika ukingo wa upande linakotokea. Ng'ambo hubaki kivuli. Bwawa la Pacoima, lililo korongoni California, tetemeko la mwaka 1971: kifaa cha kupima mtikisiko cha juu, bega la kushoto, kilisoma takriban 1.2 g (g ni mchapuko wa graviti). Tetemeko la Northridge, 1994, juu huko huko kikapita 1.5 g, na chini korongoni hapakufika hata nusu ya hapo.

Nikiwa naandika, yule wa mchoro mwekundu katuma ujumbe: kafukia, bado nyekundu. Njoo na kina cha modeli yako, mdogo wangu. Kalamu ninayo.