Saikolojia kidato cha tano? Ndiyo, lakini iende na takwimu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Saikolojia iwe somo la kidato cha tano na sita, au ingoje chuo kikuu?" Kwangu iwe somo, ila kwa sharti moja ambalo najua halitawafurahisha baadhi ya wanaoitaka: atakayeichagua asome na takwimu.

Nafundisha Biolojia hapa Arusha, na kwa kuwa shule yetu haina mnasihi aliyesomea kazi hiyo, ofisi ya ushauri nasaha nimekabidhiwa mimi. Basi nawasikia wazazi wanavyolitaka somo hili. Watoto wa siku hizi wana msongo, wanasema, simu zimewavuruga, Saikolojia itawasaidia kujitambua. Nawaelewa. Lakini mwanafunzi aliyelemewa anahitaji mtu wa kumsikiliza na, hali ikizidi, hospitali. Somo la darasani halitamtibu, kama ambavyo Biolojia yangu haijawahi kumponya mtu malaria. Tukilianzisha kwa nia hiyo tutapata vijana wa kubandikana magonjwa bwenini: huyu ana sonona, yule ana baipola, na matroni ana yote mawili.

Wanaodai ni gumu kwa umri huo nawajibu kwa kifupi. Mitaala ya kimataifa ya Cambridge na IB (International Baccalaureate), inayofuatwa na shule kadhaa za kimataifa za Arusha na Moshi, ina Saikolojia kama somo la kuchagua, na wanaoifanya ni vijana wa rika lilelile la kidato cha tano na sita. Wala tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita, si msahafu; mwaka 2024 zilitangazwa mpya hadi jumla ikafika 65.

Ninachokiogopa ni namna tutakavyolifundisha. Swali la kwanza la mtihani naliona kabisa: nani alifungua maabara ya saikolojia Leipzig mwaka 1879? Wilhelm Wundt, alama mbili, twende mbele. Kijana atakariri majaribio ya Pavlov na mbwa wake, ya Skinner na njiwa wake, halafu atoke akiamini anaijua akili ya binadamu.

Mimi ningeanza na prepo, muda wa kujisomea. Tembelea bweni lolote wiki moja kabla ya mtihani: watoto wanapiga msuli kwa kusoma desa (notisi) lilelile mara ya tatu, ya nne, mpaka kurasa zinalegea. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kifungu kimoja walikirudia kukisoma. Kingine walikifunika, wakaandika kila walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, kilichorudiwa ndicho kilichokumbukwa zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: cha kurudia walikumbuka takriban asilimia 42, cha kufunika na kuandika asilimia 56. Jaribio hili halihitaji maabara wala kemikali, ambazo kila mwalimu wa sayansi anajua zinavyopatikana kwa shida. Linahitaji karatasi, saa na mikondo miwili ya kidato kimoja. Na wanafunzi wakipata matokeo tofauti na ya Wamarekani, hapo ndipo kipindi kinanoga: tulikosea wapi, au sisi tuko tofauti?

Swali hilo la mwisho si la mchezo. Mwaka 2010 mtafiti Joseph Henrich na wenzake walinukuu uchambuzi ulioonyesha kwamba kati ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia, asilimia 96 walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Kijana wa Ngarenaro au Majengo ana haki ya kusoma kitabu cha saikolojia na kuuliza, mimi nimo humu?

Na mfano mzuri wa kumjibu uko mkoani kwetu. Watafiti walikwenda kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa eneo la Ziwa Eyasi, wakampa kila mshiriki kitu kidogo, pakiti ya biskuti au kiberiti cha gesi, kisha wakamuuliza kama angependa kukibadilisha na kingine cha thamani ileile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wale wa kambi za mbali walibadilisha karibu nusu ya mara, yaani kama sarafu inavyoanguka. Wale wa jirani na Mangola, waliozoea watalii na biashara, walibadilisha karibu robo tu. Kitu kikishakuwa changu, sikitoi. Vitabu vilizoea kueleza tabia hiyo kana kwamba kila binadamu anazaliwa nayo. Mangola iko wilaya ya Karatu, na sijakutana na mwanafunzi hapa anayejua kwamba jambo hilo lilipimwa huko. Ningewaachia darasa wabishane: ni soko lililowabadilisha watu, au wanaopenda mali ndio waliosogea karibu na soko? Ungejuaje?

Huwezi kujua bila takwimu, na hapo narudi kwenye sharti langu. Kwa mpangilio tuliouzoea, wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) wanasoma BAM, hisabati ya msingi tumizi, ambayo ina takwimu na uwezekano. Wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) hawaisomi. Nina hakika Saikolojia itasukumwa upande wa sanaa, kwa kuwa inaonekana ni somo la maelezo. Ikienda huko bila BAM, tumeandaa GS (General Studies) ya pili, somo la maelezo matupu.

Walimu nao? Kila aliyepita chuo cha ualimu amesoma saikolojia ya elimu, kwa hiyo hatuanzi sifuri, ingawa wengi wetu tuliisoma kwa kukariri hatua nne za Piaget za ukuaji wa akili ya mtoto, na kuendesha jaribio hatukufundishwa. Semina za likizo zinatosha kwa kuanzia. Ningependa shule moja ya Arusha na moja ya Moshi zilijaribu somo hili kwa miaka miwili bila mtihani wa taifa wa NECTA, kila mwanafunzi akifanya utafiti wake mdogo na kuutetea mbele ya darasa, kabla mtu yeyote hajachapa kitabu cha kiada.

Mwalimu wa Biolojia, Sakina, Arusha