Kabla ya Kujiandikisha Darasa la Kirusi: Kuchagua Lugha kwa Kazi ya Anga za Juu

Kijana akishaamua kwamba anataka kazi ya anga za juu, lugha ya kwanza inayomjia akilini mara nyingi ni Kirusi. Inaeleweka. Wanaanga wanaokwenda Kituo cha Anga cha Kimataifa hufundishwa Kirusi, na ndani ya Soyuz, chombo cha Urusi cha kubebea wanaanga, maandishi na vitabu vya maelekezo ni vya Kirusi. Lakini angalia mambo yanavyofuatana: wanaanga hao huajiriwa kwanza, lugha huja baadaye, tena kwa gharama ya mwajiri. NASA, shirika la anga la Marekani, huchukua raia wa Marekani peke yao kuwa wanaanga, na ESA, shirika la anga la Ulaya, huchukua raia wa nchi wanachama. Mtanzania au Mkenya anayelipa karo ya Kirusi miaka miwili kwa kutegemea njia hiyo anasomea mlango ambao pasipoti yake haiufungui.

Kwa hiyo tafuta mlango kwanza, lugha baadaye. Nani atakayekulipa au kukufundisha? Uraia wako unakubalika pale? Na lugha hiyo itatumika kwenye kazi yenyewe, au itakusaidia kupanga chumba na kununua mboga tu? Swali la pili ndilo linaloumiza watu. Kampuni za roketi za Marekani hubanwa na kanuni za ITAR, zinazodhibiti usambazaji wa teknolojia za kijeshi, na roketi zimo humo; ndiyo maana matangazo mengi ya kazi hutaka raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Soma masharti ya uraia kabla hujafika kwenye mshahara.

Kiingereza hakikwepeki. Ndiyo lugha rasmi ya uendeshaji wa Kituo cha Anga cha Kimataifa, na viwango vya kihandisi vya Ulaya vinavyoitwa ECSS vimeandikwa kwa Kiingereza. Aliyesoma sekondari Kenya, Uganda au Tanzania hudhani jambo hili amelimaliza. Bado. Kiingereza cha mtihani humfundisha mtu kurefusha. Kile cha kazi kinadai ufupi. Kuna kanuni ya uandishi iitwayo ASD-STE100, inayotumika katika vitabu vya matengenezo ya ndege na vyombo vya anga. Sentensi ya maelekezo haizidi maneno 20, ya maelezo haizidi 25, kila neno lina maana moja, na kila sentensi ya maelekezo hubeba tendo moja, isipokuwa matendo yanayofanyika kwa pamoja. Jizoeze hivi: chukua kazi unayoijua, kama kubadilisha betri ya sola, iandike hatua kwa hatua kwa masharti hayo, kisha mpe mtu asiyeijua aifanye bila kukuuliza. Anapokwama ndipo ulipokosea. Mazoezi kumi ya namna hiyo yatakufaa kuliko mwaka mzima wa kukariri misamiati.

Wasomaji wa Kongo na Burundi wameanzia upande wa pili: Kifaransa wanacho, Kiingereza ndicho kinachopungua. Wasikione Kifaransa chao kuwa kitu kidogo. Lugha za kazi za ESA ni Kiingereza na Kifaransa. Kituo cha Ulaya cha kurushia roketi, Kourou, kiko Guyana ya Ufaransa. Mjini Rabat, Moroko, kipo kituo cha kikanda chenye uhusiano na Umoja wa Mataifa kinachofundisha sayansi na teknolojia ya anga kwa Kifaransa. Kituo mwenzake cha Kiingereza kiko Ile-Ife, Nigeria.

Sasa lugha ya tatu, na hapa ndipo tunaposhauri mtu atazame milango iliyo karibu naye.

Kwa Mkenya, hasa wa Pwani, wa kwanza ni wa Kiitaliano. Kituo cha Anga cha Luigi Broglio kipo Ngomeni, karibu na Malindi, chini ya shirika la anga la Italia, ASI. Kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, setilaiti zilirushwa kati ya 1967 na 1988. Mojawapo ni Uhuru, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970 kwenda kuchunguza eksirei za angani. Siku hizi kituo hupokea mawimbi na kufuatilia vyombo. Malindi wapo vijana wengi wanaozungumza Kiitaliano cha ufukweni: bei, chakula, safari, maskani. Hicho ni mtaji halisi kwa sababu sikio limeshazoea, ila kina pengo. Hakina wakati ujao uliopangika vizuri, hakina sentensi za sharti (“ikiwa mkondo ukizidi, zima”), na hakiandikwi. Mwenye Kiitaliano hicho aanze na sarufi na uandishi, na adai apimwe kabla ya kuwekwa darasa la mwanzo, la sivyo atalipia miezi mitatu ya kusalimiana.

Kiswahili chenyewe kinakubeba kwenye Kiitaliano. Irabu ni karibu zilezile, maneno mengi huishia kwa irabu, na upatanisho wa kisarufi haukutishi wewe uliyekua ukisema “vyombo vidogo vimevunjika”. Shida hutokea kwenye konsonanti zilizokazwa. “Sette” ni saba. “Sete” ni kiu. Ukimsomea mtu namba za kipimo, tofauti hiyo si ndogo.

Mlango wa pili ni Japani, na Afrika Mashariki imeshaupita mara kadhaa. Setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa mwaka 2018 kutoka Kibo, sehemu ya Kijapani ya Kituo cha Anga cha Kimataifa. RWASAT-1 ya Rwanda ilifuata mwaka 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda mwaka 2022, baada ya wahandisi watatu Waganda kusomea na kuijenga katika taasisi ya teknolojia ya Kyushu, Kyutech. Kozi ya uhandisi wa anga kwa wanafunzi wa kigeni pale hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Kijapani si sharti la kuingia. Lakini mashine za maabara zina maandishi ya Kijapani, muuza vipuri anazungumza Kijapani, na barua ya manispaa mara nyingi haitakuja kwa lugha nyingine. Lenga kiwango cha N4 cha JLPT, mtihani wa Kijapani unaoanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu, kabla ya kusafiri. N2 ni ya anayetaka kubaki kufanya kazi kule.

Anza na katakana, herufi 46 za msingi, ingawa vitabu vingi huanza na hiragana. Katakana ndiyo inayoandikia maneno ya kigeni, na maneno ya ufundi yamejaa humo. Kijapani huyameza maneno ya kigeni kwa tabia inayofanana na yetu, kwa kuyatilia irabu: sisi tunasema roketi, wao roketto, sisi injini, wao enjin, antena ni antena. Urefu wa irabu nao usikusumbue, kwani unajua tofauti ya kufa na kufaa. Kanji ndiyo mlima: orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136.

Kirusi kina maana kwa anayekwenda kusoma Urusi kwa ufadhili. Huko utaratibu wa kawaida ni mwaka mmoja wa maandalizi ya lugha, kisha masomo kwa Kirusi. Herufi 33 zinajifunzika ndani ya wiki mbili. Kinachochelewesha ni mkazo, ambao huhama na kubadili maana, kama barabara ya magari na “barabara” ya kusema sawasawa: “zámok” ni ngome, “zamók” ni kufuli. Irabu isiyo na mkazo hufifia, kwa hiyo “o” iliyoandikwa husikika kama “a”. Jifunze kila neno pamoja na mkazo wake tangu siku ya kwanza. Kurekebisha baadaye ni kazi mara mbili.

Kichina kimefungua njia kwa majirani. Setilaiti ya Ethiopia, ETRSS-1, ilirushwa kutoka Taiyuan, China, tarehe 20 Desemba 2019, na Chuo Kikuu cha Beihang hupokea wanafunzi wa kigeni wa teknolojia ya anga, baadhi kwa Kiingereza. Lakini upime upepo wa siasa. Tangu 2011 sheria ya Marekani inaizuia NASA kushirikiana moja kwa moja na China bila idhini maalumu. Wanaanga wa Ulaya, akiwemo Samantha Cristoforetti, walisoma Kichina na mwaka 2017 wakafanya mazoezi ya kujiokoa baharini pamoja na Wachina. Mwaka 2023 mkuu wa ESA akasema hawana fedha wala nia ya kisiasa ya kupeleka watu kwenye kituo cha anga cha China. Kichina chao kizuri hakikutosha kuufungua mlango huo.

Kiarabu kinamfaa zaidi mwenye nasaba au makazi Oman na Ghuba. Duqm, Oman, roketi ya majaribio ilipaa Desemba 2024. Kazi za kihandisi Ghuba nyingi hufanyika kwa Kiingereza, lakini mikataba na mikutano na serikali huhitaji Kiarabu fasaha, na maneno ya asili ya Kiarabu tuliyonayo katika Kiswahili hayafundishi sarufi yake. Kijerumani kisome ukishapata nafasi Ujerumani. Mwanasheria wa anga atazame Mkataba wa Anga wa 1967: matini zenye nguvu sawa ni za Kiingereza, Kirusi, Kifaransa, Kihispania na Kichina.

Kisha piga hesabu ya muda. Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 600 hadi 750 za darasani kwa Kifaransa au Kiitaliano, kama 1,100 kwa Kirusi, na 2,200 kwa Kijapani, Kichina au Kiarabu. Makadirio hayo ni ya mzungumzaji wa Kiingereza, ila yanakupa mizani. Saa moja kila siku bila kukosa ni 365 kwa mwaka: Kifaransa miaka miwili, Kijapani sita. Kosa kubwa tunaloliona ni kugawa saa hiyo kwa lugha tatu. Katika ngazi za lugha za Ulaya, zinazoanzia A1 hadi C2, mwajiri hana kazi ya kumpa mtu mwenye A2 ya Kirusi, A2 ya Kijapani na A2 ya Kifaransa. B2 moja ina kazi.

Popote uendapo, namba na saa ndizo za kufanyia mazoezi hadi zitoke bila kufikiri. Kifaransa cha Ufaransa husema 90 kama “nne mara ishirini na kumi”. Kijapani na Kichina huhesabu kwa makumi ya maelfu, hivyo 250,000 ni “25 za elfu kumi”. Na sisi tuna mtego wetu wenyewe. Setilaiti ikipita juu ya kituo saa 14:20 UTC (saa sanifu ya dunia), kwa saa za Afrika Mashariki ni 17:20, ambayo kinywani mwetu ni saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Mtu aliyechoka akihama kutoka saa ya Kiswahili kwenda lugha ya kigeni hupotea saa sita nzima, au tatu, na setilaiti haimsubiri. Weka simu yako kwenye UTC mwezi mzima.

Zoezi la mazungumzo tunalolipendekeza limetoka kwenye safari ya pamoja ya Apollo, chombo cha Marekani, na Soyuz ya Wasovieti, Julai 1975. Wamarekani walizungumza Kirusi, Wasovieti wakazungumza Kiingereza. Anayesema lugha ya kigeni hulazimika kutumia maneno mepesi na kwenda polepole, na anayesikiliza huipata kwa lugha yake. Tafuta mwenzako anayejifunza Kiswahili mfanye vivyo hivyo: wewe Kiitaliano, yeye Kiswahili, mkielekezana kufunga kifaa ambacho mmoja wenu tu anakiona.

Mitihani ipange kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya maombi. Matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, huhesabika miaka miwili. Cheti cha DELF, cha Kifaransa, hakiishi muda. Kwenye wasifu andika “Kifaransa B1, DELF, 2024”, usiandike “kizuri”. Halafu andaa maelezo ya dakika mbili ya mradi wako kwa lugha hiyo, yenye uzito, volti, masafa na kilichoharibika, maana anayekuhoji akiona B1 anaweza kubadilisha lugha katikati ya swali.