Mkishashinda kesi, nani anafuatilia?

Swali lenu la wiki hii: nchi ikishaingia kwenye demokrasia mpya, hela ya kusaidia haki za binadamu ianzie wapi? Mi nasema ianzie kwa watu wanaobaki mtaani baada ya hukumu kusomwa, na mfano wangu ni Afrika Kusini.

Wale jamaa walipata katiba ya 1996 ambayo wengi tunaimezea mate, kifungu cha 26 kinampa kila mtu haki ya kupata makazi ya kufaa, na Mahakama ya Katiba yenyewe iko palepale lilipokuwa gereza Johannesburg, matofali ya jengo la mahabusu wakayajengea tena. Safi sana.

Sasa mcheki mama Irene Grootboom. Yeye na wenzake, watu wazima 390 na watoto 510, walibomolewa vibanda kwenye kiwanja cha mtu huko Wallacedene, pembeni ya Cape Town, wakaishia uwanja wa mpira chini ya manailoni na mvua za baridi ndo zinaanza. Wakaenda mahakamani, Oktoba 2000 wakashinda, ikasemwa serikali ilikosea kutokuwa na mpango kwa watu wasio na pa kulala kabisa. Wanafunzi wa sheria wanaisoma hiyo kesi mpaka leo ila mama mwenyewe kafariki 2008 bado yuko kwenye kibanda.

Halafu angalia TAC (Treatment Action Campaign), wale wanaharakati waliokuwa wanadai dawa za ukimwi. Serikali ilikuwa inabania nevirapine, ya kuzuia mama asimwambukize mtoto, inatoka vituo vichache tu vya majaribio. 2002 nao wakashinda. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa na wanachama mitaani, wamefundishwa dawa inafanyaje kazi, wanavaa zile fulana zilizoandikwa HIV POSITIVE kifuani bila aibu, wanaenda kliniki kuuliza kwanini dawa hamna, wakijibiwa ovyo wanarudi wengi zaidi. Hiyo ndo hukumu inayotembea.

Tatizo baada ya 1994, ubaguzi wa rangi ulipoisha, wafadhili wengi walihamishia hela serikalini, vile viofisi vya ushauri wa sheria mitaani vikayumba, vingine vikafungwa kabisa. Na pale ndo bibi anaposaidiwa fomu ya pensheni na mtu ambaye wala sio wakili! Kwa hiyo mkiniuliza mimi, semina za hotelini zisubiri kwanza, lipeni mishahara ya hao wasaidizi wa kisheria na kodi ya pango, tena kwa miaka, sio mradi wa miezi sita.