Uliyesilimu Karibuni, Mwaka wa Kwanza Uupe Swala

Wengi wanaosilimu hapa Dar es Salaam wanakuja na kiu ya utulivu wa moyo. Wameuona kwa jirani anayerudi msikitini alfajiri uso wake mkunjufu, au kwa mfanyakazi mwenzao anayepata msiba akasema "Inna lillahi" na asivunjike. Wanatoa shahada, wanakumbatiwa, na baada ya wiki moja simu imejaa mihadhara. Huyu anamwambia afuge ndevu, yule anamvuta kwenye ubishi wa maulidi, mwingine anamhimiza ahifadhi sura ndefu. Miezi mitatu haijapita, mtu amechoka na ule utulivu hajauonja.

Ndugu yangu, upunguze mzigo. Mwenyezi Mungu anasema katika Sura Ar-Ra'd, aya ya 28, kwamba nyoyo hutua kwa kumkumbuka Yeye. Katika Sura Taha, aya ya 14, alimwamuru Nabii Musa asimamishe swala ili amkumbuke. Ukizisoma aya hizo mbili pamoja unajua pa kuanzia. Mwaka wako wa kwanza uwe wa swala tano zilizoswaliwa vizuri na kwa wakati, na mengine yafuate nyuma yake. Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Kwanza tua mizigo ambayo hukutwishwa. Dhambi za kabla ya shahada zimefutwa. Hadithi iliyopokewa na Muslim inasema Uislamu huvunja yaliyokuwa kabla yake. Swala na funga za miaka ya nyuma hudaiwi. Kubadili jina si sharti. Kama jina lako halina maana mbaya, baki nalo, na vyeti vyako vya shule na kazi visikusumbue. Unachotakiwa kufanya mapema ni kuoga josho, maji yaenee mwili mzima na yafike kwenye mizizi ya nywele. Kisha omba msikiti au ofisi ya BAKWATA ikuandikie hati ya kusilimu. Shahada yako ni sahihi bila karatasi hiyo, lakini huulizwa wakati wa ndoa na wakati wa safari ya Hija, na ukiitafuta baada ya miaka mingi mashahidi wako huenda hawapatikani.

Sasa udhu. Misikiti mingi ya Dar inafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa madhehebu hayo faradhi za udhu ni sita: kutia nia moyoni unapoanza kuosha uso, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kuyafuata hayo kwa mpangilio huo. Kusukutua, kupandisha maji puani, kupaka masikio na kurudia mara tatu ni sunna. Wanaoanza hukosea sehemu mbili zilezile, kiwiko na kisigino. Mtu anamwaga maji kwenye kiganja, yanateremka hadi katikati ya mkono, na nyuma ya kiwiko pamebaki pakavu. Mtume (s.a.w.) alionya vikali juu ya visigino visivyofikiwa na maji, basi pitisha kidole pale kila mara. Rangi ya kucha huzuia maji, kwa hiyo itolewe kwanza. Hina haizuii, kwa sababu inabaki rangi tu bila ganda. Fundi wa rangi na fundi wa gereji wajikague kucha na vidole, maana ganda la rangi au grisi nzito nalo ni kizuizi.

Maji yakikatika usidhani udhu umekushinda. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yapata robo tatu ya lita. Chupa ya nusu lita inatosha ukiosha kila kiungo mara moja na maji ukayaongoza kwa kiganja. Anayefungua bomba mpaka mwisho na kurudia kila kiungo mara sita kwa wasiwasi anajifungulia mlango mbaya. Wasiwasi wa udhu huanza hivyo, na ukikomaa mtu huichukia swala yenyewe. Ukimaliza, umemaliza. Ukiingiwa na shaka baadaye kama udhu umetenguka, shika ulilo na yakini nalo: udhu wako upo.

Kuna mambo ya mjini yanayowatatiza wageni. Kwa madhehebu ya Shafi, ngozi ya mwanamume ikigusana na ya mwanamke asiye maharimu wake (yaani asiyeharamishiwa daima kuoana naye), wote wawili udhu wao hutenguka, hata kwa bahati mbaya. Kwenye daladala iliyosheheni jambo hili ni la kila siku. Vaa mikono mirefu, na hesabu kwamba utatawadha ukishashuka. Ukibaki na udhu, ni faida. Nywele na kucha zikigusana hazitengui. Jasho si najisi, hata shati likilowa lote. Tope la barabarani wakati wa masika, lile la kawaida linalorukia pindo la suruali, limesamehewa kwa sababu haliepukiki. Mkojo na damu nyingi ndivyo vya kuoshwa.

Kibla kwa mtu wa Dar ni rahisi. Makka iko karibu kaskazini kamili ya jiji hili, kwa hiyo jua linapochomoza liwe mkono wako wa kulia. Dira ya simu hupotoka karibu na nondo na mabati, kwa hiyo ukiwa ndani ya jengo kubwa ifananishe na mahali lilipochomozea jua.

Kwenye Alfatiha ndipo uweke nguvu zako nyingi, maana huko ndiko utamu uliko. Swala tano zina rakaa 17 (mbili, nne, nne, tatu na nne), na kila rakaa ina Alfatiha. Hakuna maneno mengine utakayoyasema mara nyingi hivyo katika maisha yako. Jifunze kwa mdomo wa mwalimu, aya moja kwa siku mbili au tatu. Usijifunze kwa maandishi ya Kiswahili peke yake, kwa sababu herufi zetu haziwezi kutofautisha ha nzito ya "alhamdu" na ha nyepesi ya "ihdina", wala hazionyeshi herufi ya 'ain. Alfatiha ina shada (mkazo wa herufi) 14, ukihesabu Bismillahi ambayo kwa Imamu Shafi ni aya yake ya kwanza. Shada inayoangushwa sana ni ya "iyyaaka". Ukiisoma "iyaaka" bila kukaza ile ya, maana inapotoka kabisa. Vilevile "an'amta", uliyewaneemesha, ukiitamka "an'amtu" inakuwa "mimi niliyewaneemesha". Makosa ya aina hiyo yanaharibu kisomo, na mwalimu atayarekebisha kwa siku moja tu ukimsomea kwa sauti.

Usingoje uihifadhi yote ndipo uanze kuswali. Swali leo. Mtu mmoja alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba hawezi kushika chochote katika Qur'an, akafundishwa aseme: "Subhanallah, walhamdulillah, wala ilaha illallah, wallahu akbar, wala haula wala quwwata illa billah." Simama na maneno hayo huku ukijifunza. Swala za jamaa msikitini nazo zitakubeba, kwa sababu utamfuata imamu katika kila tendo.

Ukishaishika, isome ukijua kwamba unajibiwa. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mwenyezi Mungu anasema ameigawa swala nusu mbili baina Yake na mja Wake. Mja anaposema "Alhamdu lillahi rabbil alamin", Yeye husema, "Mja Wangu amenihimidi." Anapofika "Iyyaaka na'budu wa iyyaaka nasta'in", husema hili ni baina Yangu na mja Wangu, na mja Wangu atapata alichokiomba. Basi simama kidogo mwisho wa kila aya. Mama mwenye genge, dereva wa bodaboda, karani wa benki, kila mmoja anapewa nafasi hiyo ya kuzungumza na Mola wake bila kupitia kwa mtu, mara 17 kwa siku. Hiyo ni neema kubwa kuliko nyingi tunazozikimbilia, na inasikitisha kuona inamalizwa kwa pumzi moja.

Haraka ndiyo inayoua swala za wengi, hata waliozaliwa katika Uislamu. Mtu aliswali mbele ya Mtume (s.a.w.), akaambiwa, "Rudi ukaswali, kwani hukuswali," mara tatu. Kasoro yake ilikuwa kukosa kutulia. Katika rukuu, kuinuka, sijida na kikao cha kati ya sijida mbili, kila kiungo kitulie mahali pake angalau kwa muda wa kusema "Subhanallah" mara moja. Sunna ni kusema tasbihi ya pale mara tatu. Ukizisema tatu polepole, rakaa nne zitakuchukua dakika saba au nane, na utaondoka pale ukihisi kifua kimepungua uzito. Katika sijida ya mwisho omba haja zako. Katika rakaa ukisahau umeswali ngapi, chukua hesabu ndogo, kamilisha, kisha sujudu sijida mbili za kusahau kabla ya salamu. Hakuna haja ya kuanza upya.

Upande wa ratiba, Dar iko karibu na ikweta, kwa hiyo nyakati hazisogei sana: tofauti ni kama dakika 40 mwaka mzima. Alfajiri huingia kati ya saa kumi na moja kasorobo na saa kumi na moja na nusu hivi. Adhuhuri huingia baada tu ya saa sita, isizidi saa sita na dakika arobaini, na mapumziko ya chakula kazini huitosha. Inayopotea zaidi ni Magharibi. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi, saa ileile ya foleni, na Isha huingia kama dakika 70 baadaye. Anayepanda gari la Mbagala au Gongo la Mboto dakika tano kabla ya adhana hushuka wakati umekwisha. Subiri adhana, swali Kariakoo au Posta ambako misikiti haiko mbali na vituo, ndipo upange foleni. Kwa mwanamke, ulizia mapema misikiti yenye sehemu ya wanawake kwenye njia yako, kwa sababu si yote inayo. Foleni ya mjini si safari ya kisheria. Kwa Imamu Shafi kupunguza na kuchanganya swala huanzia safari ya kilomita 80 na ushee, basi ukienda Morogoro unapunguza, ukienda Kibaha au Bagamoyo hupunguzi. Usingizi au usahaulifu ukikupitia, swali mara unapokumbuka, wala usiseme siku imeshaharibika.

Baada ya salamu usikurupuke. Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu akbar 33, kisha ukamilishe mia kwa "La ilaha illallahu wahdahu la sharika lah" mpaka mwisho wake. Ni dakika tatu, kwa vidole vyako mwenyewe. Waliodumu na uradi huu hata siku ya shughuli ndio tunaowaona wakibaki imara.

Tafuta ustadhi mmoja wa karibu, unayeweza kumfikia kwa miguu, na umsomee mara mbili kwa wiki. Misikiti mingi ina darsa kati ya Magharibi na Isha, na akina mama aghalabu wana madrasa zao za mchana. Utakuta huku wanasoma dua ya kunuti Alfajiri na kwingine hawasomi, huku Bismillahi inatolewa sauti na kwingine inasomwa kimya. Mwanazuoni na mwanazuoni wamehitilafiana humo kwa karne nyingi na swala zote ni sahihi. Fuata alichokufundisha mwalimu wako, na ukiwa maamuma, yaani unaswali nyuma ya imamu, mfuate yeye. Anayetaka kukuingiza katika ubishi huo mwaka wa kwanza, mjibu kwa upole kwamba bado unajifunza.

Ramadhani ikifika, utashika kirahisi kama swala umeshaizoea. Wenye kushinda na njaa bila kuswali huiona ndefu mno. Kula daku hata kama ni uji na tende, na futari usiijaze mikaango mpaka Isha na tarawehe zikukute umelala. Aliyesilimu katikati ya mwezi hafidii siku zilizotangulia.

Na wazazi wako wasio Waislamu, uwazidishie wema. Sura Luqman, aya ya 15, inakuamuru ukae nao kwa wema duniani hata wakikushurutisha umshirikishe Mungu. Katika hilo usiwatii, katika mengine watunze. Peleka kodi ya nyumba kama ulivyokuwa ukipeleka, nenda msibani, beba maji, kaa na wafiwa. Mwambie mama mapema kwamba nguruwe na pombe huvitumii, na umwombe akutengee sufuria. Ukiwa kwake wakati wa swala, uliza kwa heshima pa kutandika mswala wako. Wazazi wengi hulainika wakimwona mtoto wao amekuwa mpole na mkweli kuliko alivyokuwa, na hapo wenyewe ndio huanza kuuliza maswali.